Siku Tulipovua Gambuti

Kiwanda cha Chumvi,
Kaskazini ya Mambrui.

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo, Mama. Nakuamkia mara mbili, moja ya leo na moja ya miezi yote niliyokaa bila kuandika. Natumai baridi ya Mgange haijakukaa kifuani mwaka huu, na goti lako bado linakubali kupanda mlima mpaka kanisani. Mimi ni mzima. Nalisema hili kabla ya jingine lolote kwa sababu najua ulichoambiwa. Sina pingu, sijapigwa, sijafungwa. Ninapoandika nimekaa kwenye gogo nje ya chumba changu hapa landhi, kwenye nyumba za wafanyakazi, na miguu yangu iko ndani ya beseni la maji ya mwarobaini. Habari za miguu zinakuja.

Mkawasi, mdogo wangu, wewe unayemsomea Mama: soma yote. Nakujua. Ukifika mahali unapoona patamtia Mama wasiwasi utaruka na kusema, "Anasalimia sana." Usiruke. Mama alizika mume akatulea sisi kwa jembe. Hakuna neno humu litakalomshinda.

Mama, binamu yetu Mwadime alipopita pwani na lori la vitunguu hakunikuta. Watu wa sokoni Malindi ndio waliomwambia kwamba mimi Mwakio nimepelekwa kwa chifu na askari kwa kosa la kuchochea wafanyakazi. Akakuletea habari hiyo jinsi alivyoipata, nawe ukanitumia neno moja: nirudi nyumbani kabla hawajanimaliza kama walivyommaliza Baba. Neno hilo limenifikia. Nimelibeba kazini na nimerudi nalo chumbani, kwa kuwa sijawahi kulikataa neno lako tangu nizaliwe. Leo nakuomba radhi. Sirudi kwa sasa. Nisikilize mpaka mwisho, kisha unihukumu.

Ya Baba sijayasahau. Yule bwana aliyewaongoza wafanyakazi wenzake wa mashamba ya mkonge alikuwa na sauti ya kupasua mawingu. Aliwatoa watu kazini kwa maneno, na jioni ile ile akaitwa ofisini akatoka amefanywa nyapara, naye Baba akatoka hana kazi. Ukatulea kwa fundisho hilo, kwamba mwenye maneno mengi asifuatwe. Ndiyo maana miaka hii yote niliyokaa hapa nilifunga mdomo wangu. Nilikuwa mtu wa pampu, basi. Asubuhi pampu, jioni chumbani na redio yangu, Jumapili kanisani. Watu walipoteta mimi nilikuwa sipo.

Hii kazi ya chumvi sijapata kukueleza vizuri. Maji ya bahari huletwa kwa pampu na kwa milango ya mbao, yakamwagwa kwenye madimbwi mapana kuliko uwanja wa shule yetu. Jua linayapika siku baada ya siku, yanapungua, yanakuwa mazito, mwisho inabaki chumvi chini, nyeupe kama unga uliomwagika. Hapo huingia vibarua. Wengi ni wanawake wa Kigiriama wanaotoka vijiji vya nyuma ya Mambrui alfajiri. Wanaikokota chumvi kwa reki, wanaijaza kwenye makarai, wanaibeba kichwani mpaka kwenye lundo. Wanaingia miguu mitupu. Maji yale yaliyobaki, Mama, yanauma kama pilipili. Kwanza ngozi inakuwa nyeupe, kisha inapasuka, na kila ukiingia tena chumvi inaukuta ufa wa jana haujafunga.

Sisi wa ajira ya kudumu, wengi watu wa bara, tulipewa gambuti, viatu virefu vya mpira. Wao hawakupewa. Hiyo ndiyo iliyokuwa desturi, na macho yangu yalikuwa yameizoea kama yalivyozoea jua.

Kulikuwa na mama mmoja kijana, Dama, ana mtoto bado yuko mgongoni. Mguu wake ulivimba mpaka akawa hawezi kuukanyagia. Nyapara akamwambia aende nyumbani, arudi akiweza kusimama. Wenzake walimpeleka hospitali Malindi wakati kidonda kimeshaoza. Akakatwa vidole.

Hapo ndipo nilipomjua Kache. Naye ni kibarua, mtu wa Vitengeni, ambako mahindi yalikauka akaja huku kwa mdogo wake aliyeolewa. Umri wake ni kama wa shangazi. Ni mfupi, mwembamba, na sauti yake ni ya chini hata lazima uiname umsikie. Ukimkuta sokoni, ukifika nyumbani umeshamsahau. Dama alipokatwa vidole, Kache alikwenda ofisini kuwaombea vibarua gambuti. Lakini hakwenda peke yake, wala hakwenda na wale wanawake wenye midomo. Alimchukua Nyevu, msichana ambaye nyapara akipita alikuwa anajificha nyuma ya makarai. Alimshika mkono wakaingia. Wakakataliwa, wakatoka. Juma lililofuata akaenda tena, na mwoga mwingine. Akakataliwa. Kisha tena, na mwingine.

Sisi wanaume wa landhi tulicheka. Kilonzo, mwenzangu tunayepakana chumba, alisema, "Huyu mama anampelekea kicheche kuku, mmoja mmoja." Lakini mimi niko pale kwenye pampu, naona kila mtu anayepita, nikagundua jambo. Nyevu alikuwa hajifichi tena. Nyapara akipita, msichana aliendelea kukokota chumvi yake kama vile aliyepita ni mbuzi.

Mchana mmoja, jua liko utosini, nimefungua pampu naisafisha, nikasikia sauti mlangoni.

"Hodi, Mtaita."

"Karibu, Mama Kache."

Aliketi juu ya pipa tupu. Nilidhani amekuja kuomba maji ya kunywa. Akaniuliza kwetu ni wapi, nikamwambia ni milimani. Akauliza kama ni kweli kuna ukungu mpaka mtu hamwoni ng'ombe wake. Nikasema kweli. Akauliza, mama yu hai? Yu hai. Anaitwa nani? Nikamwambia, anaitwa Mghoi. Akalitamka jina lako polepole, kama mtu anayeonja kitu. Mama, tangu nishuke pwani hakuna aliyewahi kuniuliza jina la mama yangu.

Kisha akasema, "Kesho naenda ofisini. Nataka twende nawe."

"Mimi? Mimi nina gambuti."

"Nimeziona."

"Basi mchukue mwenye shida. Mbona mimi?"

"Kwa sababu katika kiwanda hiki chote, mwoga zaidi ni wewe."

Nilikasirika, Mama. Nilimwambia, "Mimi mwoga? Ni nani hushuka mlango wa bahari maji yakiwa juu, kuinasua pampu?"

"Ni wewe, nimekuona. Maji huyaogopi. Lakini nyapara akipita, unaanza kufuta pampu ambayo umeshaifuta."

Aliinuka akakung'uta leso yake. "Mwenye miguu mitupu ataogopa nini? Ameshapoteza. Wewe una chumba, una gambuti, una kazi ya mwaka hata mwaka. Hofu yako ni kubwa na ina haki yake. Ndiyo maana nataka uje nayo. Usiiache nyumbani."

Nilikwenda. Hata leo sijui nilikwenda kwa hasira au kwa lile jina lako.

Meneja alikuwa nyuma ya meza yake, picha ya Mtukufu Rais juu ya kichwa chake, feni inazunguka. Aliponiona alishangaa. "Mwakio, nimekupa gambuti, nimekupa chumba. Wewe umekuja kutafuta nini?"

Nikasema, "Nimemsindikiza mama huyu."

Ni hayo tu niliyoweza. Kache alieleza haja yake kwa ile sauti ya chini, hata Meneja ikabidi ainame mbele amsikie. Akajibu kwamba kibarua leo yuko na kesho hayuko, sasa atamvalisha nani? Kache akasema, "Mguu wa Dama ulikuwapo jana na juzi na mwaka jana." Tukaambiwa tutoke.

Nje nikamwambia, "Umeona? Tumekataliwa."

"Na mikono yake umeiona?" akauliza. "Muda wote alikuwa anapindua kalamu. Naye ana mkubwa wake huko Mombasa. Umeingia, umetoka, uko hai. Haya, rudi kwenye pampu yako."

Nilirudi. Mchana ule nyapara alipopita sikufuta kitu.

Jumapili baada ya ibada tulikutana Mambrui, kwenye kibaraza cha Bwana Swaleh. Huyu ndiye fundi wa milango ya maji, mwenyeji wa pale pale, mtu wa mzaha na manung'uniko, anayelalamikia mvua na akalalamikia jua. Walikuja vibarua wanawake, na sisi wa gambuti tukaja wachache, wengine kwa udadisi tu. Kahawa ilipita. Kilonzo akasema wazi bila kuficha, na mimi namheshimu kwa hilo: "Mimi nawahurumia, lakini hawa ni wa hapa. Wana minazi yao na mikorosho yao. Mimi nikifukuzwa nakwenda wapi na watoto? Wao wakishindwa wanarudi nyumbani."

Baadhi ya wanawake walipandisha sauti. Nilidhani Kache atamjibu. Alitazama huku na huku, akaona gambuti za Bwana Swaleh mlangoni, maana yeye hata Jumapili hufungua milango bahari ikijaa, na alikuwa ametoka huko.

"Bwana Swaleh, niazime hizi."

"Zinanuka, mamangu."

"Si neno."

Akazivaa. Zilikuwa kubwa, zikamfika magotini kama ndoo. Akashuka uani, akatembea kutoka kisimani mpaka mlango wa jikoni. Akakanyaga makombe ya chaza. Akakanyaga tope la kando ya kisima. Akakanyaga mti wa miiba uliokuwa umelazwa kuziba njia ya kuku, na ile miiba ikakatika kwa sauti. Akasimama, akatutazama sisi wanaume.

"Kumbe ninyi hamtazami chini," akasema. "Mnakwenda tu."

Akacheka. Mama, mwanamke mzima yule alicheka kama binti mdogo, akazunguka ua tena, na tena, anakanyaga kila kilicho kibaya kukanyagwa, wanawake wenzake wanapiga vigelegele. Halafu akaketi. Akazivua, akazisuuza kisimani, akazipangusa kwa upindo wa leso yake, akamrudishia Bwana Swaleh kwa mikono miwili.

"Ahsante, baba. Zamu yangu imekwisha."

Kilonzo alikuwa anatazama viatu vyake vya Jumapili.

Tukaanza kusemezana tufanyeje. Mmoja akasema tugome. Wote tukajua hilo haliwezekani. Siku hizi neno mgomo ukilitaja tu, ukuta una masikio, na kesho unaitwa mchochezi. Nikasema mimi, na nadhani ndilo neno langu la kwanza mbele za watu, kwamba kazi tusiiache hata kidogo, tusimpe mtu sababu. Kache akaniuliza, "Tukiwa tunafanya kazi, tutamwonyeshaje?" Nikasema sijui. Akamgeukia mwingine akamuuliza hivyo hivyo, na mwingine. Aliuliza mpaka Bwana Swaleh akachoka.

"Jamani, si mvue tu!" akasema. "Mimi mara tano kwa siku naacha viatu mlangoni, na sijaona askari amekuja kunikamata. Kuna sheria gani inayomlazimu mtu kuvaa viatu?"

Tukacheka, kisha kicheko kikatufia mdomoni, maana tuliona ndilo hilo. Sisi wenye gambuti tuzivue, tuzipange mlangoni pa ofisi, tuingie kazini kama vibarua wanavyoingia, mpaka siku ambayo wote watavaa. Kache hakusema ndiyo wala hapana. Alisema tu, "Inauma. Mjue inauma."

Jumatatu nilikuwa wa kwanza, kwa kuwa pampu huwashwa kabla ya kazi nyingine. Nilivua gambuti zangu nikazisimamisha kando ya ngazi ya ofisi, visigino ukutani. Zilionekana mbili tu, Mama, kama mtu aliyezama akaacha viatu. Nikashuka kwenye maji. Sikutazama nyuma, kwa kuwa niliogopa kuona hakuna mtu. Chumvi ilinipata kwenye ufa mdogo wa kidole ambao sikujua ninao, nikauma meno. Nyapara akanifuata ukingoni.

"Gambuti zako zimeharibika?"

"Hazijaharibika."

"Basi vaa."

"Nitavaa siku Nyevu atakapovaa."

Akaenda zake akitikisa kichwa. Nilipothubutu kugeuka niliona ukuta wa ofisi umejaa gambuti kutoka ngazini mpaka pembeni, za watu wa stoo, za watu wa kinu cha kusagia, za wapakia malori, na za Bwana Swaleh bado zina tope. Zilizopangwa mwisho kabisa zilikuwa za Kilonzo.

Sitakuficha, siku zile zilikuwa ngumu. Mwanamume mzima unarudi chumbani unatembea kwa ukingo wa wayo kama anayekanyaga makaa. Wanawake walitufundisha kupaka mafuta ya nazi asubuhi na kukaa kwenye mwarobaini jioni. Nyevu alinicheka waziwazi. "Leo umejua," aliniambia, na hakukuwa na uchungu ndani yake. Lakini wengine hawakuweza kuvumilia. Kilonzo alivaa gambuti zake siku ya tatu. Watu wakamwita majina mabaya, mmoja akamtemea mate pembeni. Kache alipolisikia alikwenda akakaa naye wakati wa chakula, akamuuliza kama mwanawe aliyekuwa na surua ameshapona. Akala naye muhogo. Aliporudi kwetu alikuwa amekasirika, mara ya pekee niliyomwona hivyo.

"Aliyechoka si adui," akasema. "Mkimfukuza leo, kesho mtamwita kwa mdomo gani?"

Wiki ile haijaisha askari wa utawala walikuja wakanichukua mimi na Kache mpaka kwa chifu. Hii ndiyo ile habari uliyoletewa. Sasa pata yote. Njiani Kache alinishika mkono, na watu walitufuata kwa miguu wakasimama nje ya dirisha. Meneja alikuwapo. Chifu akamuuliza shitaka ni nini.

"Uchochezi, Bwana Chifu."

"Wamekataa kazi?"

"Hapana, wanafanya kazi."

"Wameharibu mali?"

"Hapana, mali iko. Wameipanga ukutani."

"Wamemtukana mtu?"

"Hapana."

"Sasa wamefanya nini?"

Meneja akasita. "Wamevua viatu."

Dirishani watu waliangua kicheko. Chifu naye alishika masharubu yake kwa muda, kisha akakaza uso akatuambia tusimchezee, uchochezi ni uchochezi hata ukifanywa kwa unyayo. Alinionya mbele ya watu, akaniambia ana jina langu kichwani, akaniachilia. Sikulala ndani hata usiku mmoja. Nakuapia, Mama.

Kache hakupona hivyo. Kibarua hafukuzwi kwa barua. Asubuhi nyapara husimama getini akaita majina, na asiyeitwa amejua. Kesho yake nyapara aliita, akalifikia jina la Kache, akaliruka. Kache alikuwa amesimama pale pale. Alisikia. Alijifunga leso yake vizuri, akatuaga kwa macho, akashika njia. Nikasema haya basi, ndiyo yale ya mkonge, kichwa kikiondoka mwili unakufa.

Nyapara akaendelea. "Nyevu!"

Nyevu, yule aliyekuwa anajificha nyuma ya makarai, alisimama wima. Akasema, "Kache hujamwita."

"Nimekuita wewe."

"Nimesikia. Kache hujamwita." Akachukua karai lake akaingia kazini.

Akaitwa wa pili. Naye, "Kache hujamwita," akaingia. Wa tatu hivyo hivyo, na wa nne. Kila jina lililoitwa lilijibu neno hilo moja, bila kelele, bila tusi, kila mtu anachukua karai lake. Nyapara sauti ikaanza kumkauka. Nyuma yetu watu wa landhi walikuwa wanapita kwenda zamu, ambao hawaitwi getini, nao wakaanza kusema wanapompita, "Bwana nyapara, Kache hujamwita." Nikasikia sauti nzito ya mtu wa Ukambani ikisema hivyo nyuma ya sikio langu. Alikuwa Kilonzo. Gambuti alikuwa amezivaa, lakini alisema.

Hakuna aliyetupangia jambo lile, Mama. Nimemuuliza Nyevu nani alimwambia. Akasema hakuna, lilimtoka tu.

Ikawa hivyo kila asubuhi. Kisha mchana mmoja likaja lori kutoka Mombasa, likashusha gambuti mpya. Hazikutosha. Wanawake wawili wawili wamepewa jozi moja, wavae kwa zamu, huyu asubuhi na huyu alasiri. Meneja akasema tumeshinda, sasa tuvae tunyamaze. Wanawake walizipokea, na ungewaona walivyokuwa wanakanyaga kila kitu njiani. Lakini jozi moja kwa watu wawili si kuvaa, ni kupokezana vidonda. Na Kache hajaitwa. Kwa hiyo zetu bado ziko ukutani, ndiyo maana nikakwambia niko kwenye beseni.

Mvua za kwanza zimenyesha bara, na Kache amerudi Vitengeni kulima. Nilimfuata huko Jumapili iliyopita, niliomba nafasi kwenye lori la maembe. Nilimkuta shambani anapanda, nikashika jembe tukafanya kazi pamoja mpaka mstari ukaisha. Nikamuuliza sasa tufanye nini.

"Mbona waniuliza mimi? Mimi niko Vitengeni. Waulize wanaoamka kule."

"Lakini wewe ndiye uliyetuanzisha."

"Mino?" akasema, yaani mimi? "Mimi nilikwenda kuomba viatu. Mambo ya ukutani aliyatoa Swaleh. Ya getini ameyatoa Nyevu. Ya kazi isiachwe uliyatoa wewe. Mimi nimefanya nini?"

Nilimuuliza kama hakuwa anaogopa siku ile kwa chifu. Akaniambia, "Niliogopa. Nilikushika mkono ukadhani nakutuliza. Nilikuwa najishikilia." Akanipa vibuyu viwili vya uji wa muhogo niwapelekee kina Nyevu, akarudi kwenye mstari wake.

Niliporudi niliwauliza wanaoamka, kama alivyosema. Wamechagua watu watatu waende kwa afisa wa kazi huko Malindi, wakadai mambo mawili: jozi moja kwa kila mtu, na jina la Kache lirudishwe getini. Waliochaguliwa ni Nyevu, Bwana Swaleh, na mimi mwanao. Tunakwenda Jumatano. Huenda tukasikilizwa, huenda tukafukuzwa mlangoni. Tukifukuzwa tutakwenda tena. Na huenda, nisikufiche, nikapoteza kazi hii na chumba hiki. Nimelipima hilo kwa siku nyingi. Bado naogopa, Mama, lakini hofu yangu sasa naitembeza mchana, haifungwi tena chumbani na redio.

Baba walimwacha peke yake siku ile. Nimelifikiria sana, na naona kosa halikuwa kufuata. Walimfuata mtu, na mtu akanunulika. Sisi mtu wetu yuko shambani anapanda mahindi, na kila asubuhi watu wanajibu getini. Mimi ni mmoja wao. Nikirudi Mgange sasa, jina langu litakapoitwa, nani atajibu mahali pangu?

Nisamehe kwa kukukatalia. Ukikasirika, kasirika, ni haki yako. Lakini unitie katika sala zako kabla ya Jumatano, na kama barua itachelewa nitie hata baadaye, Mungu hahesabu posta.

Nimempa dereva wa lori la vitunguu kifurushi. Ndani mna korosho za kukaanga, leso mbili, na mafuta ya nazi ya kupaka goti lako. Yapashe moto kwanza.

Nisalimie Mjomba, ndugu yako anayeshona viatu, umwambie asicheke anaposikia habari hii. Nisalimie Shangazi wa mtaroni na mumewe fundi mwashi. Mwalimu Mkuu wa Mkawasi mpe heshima zangu, kwa kuwa ndiye anayepokea barua zetu. Bibi mzaa Baba mshike mkono, umpaazie sauti kwenye sikio lake zuri, umwambie mjukuu wake amemkumbuka. Binamu Mwadime mwambie simlaumu, ila siku nyingine afike mpaka kwenye pampu. Na wewe Mkawasi, soma kwa bidii, na uolewe na mtu anayejua kuuliza jina la mama yako.

Najua Jumapili watu wa kanisani watakuzunguka nje wakuulize, Mghoi, tumesikia mambo, mwanao yuko wapi? Usiinamishe kichwa, Mama. Usiseme amepotea, wala usiseme ameshikwa. Waambie yuko kazini.

Mwanao anayekutii katika mengine yote,

Mwakio